Kabla ya Jiwe la Kwanza: Namna ya Kuzifafanua Sheria za Mchezo

Ugomvi mwingi wa michezo hauanzi na mtu mwizi. Huanza na watu wawili waaminifu waliokaa kucheza, kila mmoja akiwa na sheria aliyofundishwa na kaka yake au mjomba wake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Nyinyi kwenu mnachezaje?" Mambo huenda vizuri hadi pale sheria zao zinapogongana, na mara nyingi huwa ni mwishoni, mmoja akiwa amebakisha hatua moja kushinda. Wakati huo ukimuuliza mtu sheria, hata awe mkweli vipi, jibu lake tayari lina upande. Anakumbuka ile inayomfaa.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa wasomaji wa Garissa, Wajir na Mandera, hasa vijana mnaokutana jioni kupumzika jua likipungua makali, ni huu: sheria izungumzwe wakati haijamfaa mtu yeyote wala kumuumiza. Wakati huo ni kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kabla ya karata ya kwanza kugawiwa. Ukishapita, unaweza bado kuirekebisha hali, na nitaeleza jinsi, lakini utakuwa unafanya kazi ngumu ambayo dakika tano za mwanzo zingeimaliza.

Nianze na shax, kwa kuwa ndio mchezo wa huku. Ubao wake hauhitaji kununuliwa dukani. Unachorwa kwa kijiti mchangani chini ya mgunga, au kwa chaki kwenye sakafu mbele ya duka: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha mistari minne inayounganisha katikati ya kila upande kutoka mraba wa nje hadi wa ndani. Hakuna mistari ya kona kwa kona. Hesabu makutano, utapata 24. Kila mchezaji ana kete 12. Huyu anatumia mawe, yule vijiti, mwingine kokwa za tende au vizibo vya soda. Wachezaji wanaweka kete mojamoja kwa zamu, na kwa kuwa 12 na 12 ni 24, zikiisha kuwekwa zote ubao umejaa. Hakuna kete inayoweza kusogea hata hatua moja.

Hapa ndipo uzuri wa shax ulipo, na ndipo mgeni anapopotea. Katika mchezo wa kete tisatisa unaochezwa Ulaya, na katika morabaraba ya Afrika Kusini, ukipanga kete tatu kwenye mstari wakati wa kuweka, unakula kete ya mwenzako papo hapo. Kwenye shax huli. Kete tatu kwenye mstari, yaani jare, wakati wa kuweka haikupi nyama; inakupa haki. Aliyetangulia kupata jare ndiye atakayetangulia kuondoa kete moja ya mwenzake ubao ukishajaa. Kisha mwenzake naye anaondoa moja, nafasi mbili zinapatikana, na yule aliyeondoa kwanza ndiye anayeanza kusogeza. Ikiwa hakuna aliyepata jare katika kuweka, haki ya kuondoa kwanza inakwenda kwa aliyeweka wa pili. Ni haki kweli, maana mwenzake alifaidi kuanza kuchagua nafasi. Kuanzia hapo kila jare mpya inakula kete moja, na atakayebaki na kete mbili ameshindwa, kwa kuwa kete mbili haziwezi tena kutengeneza jare.

Sasa chukua kijana aliyejifunza morabaraba kwenye simu yake, umkalishe mbele ya mzee aliyekulia kwenye shax. Wote wana kete 12. Ubao unafanana, ila ule wa morabaraba una mistari ya kona. Wataweka kete nne, tano, bila kutofautiana. Kete ya sita kijana anapata mstari, ananyoosha mkono kuchukua jiwe la mzee. Mzee anaona ni utovu wa adabu. Kijana anaona mzee anakwepa. Hakuna aliyekosea mchezo wake. Walikuwa wanacheza michezo miwili kwenye ubao mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuweka, ulizaneni mambo machache, na myaulize kwa sauti hata kama mnafahamiana. Je, jare wakati wa kuweka inakula au inatoa haki ya kuondoa kwanza? Je, ninapokula, ninaweza kuchukua kete iliyo ndani ya jare yako, au hiyo imelindwa madamu zipo nyingine nje? Nikibaki na kete tatu, naruhusiwa kuruka popote au naendelea kusogea hatua moja? Morabaraba inaruhusu kuruka. Shax niliyoizoea mimi hairuhusu. Na je, nikisogeza kete kutoka kwenye jare moja kuingia nyingine, nikairudisha, nikaipeleka tena, ninakula kila mara? Swali hili la mwisho watu hulipuuza, halafu mchezaji mmoja anapopata kete inayotembea kati ya jare mbili anamaliza kete za mwenzake kama moto wa kiangazi, na hapo ndipo mnasikia kelele hadi ng'ambo ya barabara.

Lakini swali lililo zito kupita yote ni la mchezaji aliyefungwa. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nimeona shax nyingi nzuri zikiharibika kwa jambo hili moja.

Chukulia mwenzako amebaki na kete tatu, zote kwenye mraba wa nje: moja kwenye kona ya juu kushoto, moja katikati ya upande wa juu, moja katikati ya upande wa kushoto. Wewe una kete kwenye kona ya juu kulia, kwenye kona ya chini kushoto, na kwenye mraba wa pili una moja katikati juu na nyingine katikati kushoto. Jichoreeni muone. Kete zake tatu hazina pa kwenda. Kona imebanwa na kete zake mwenyewe, na kila mlango mwingine umekaliwa na wewe. Zamu ni yake. Itakuwaje?

Kwenye mchezo wa Ulaya jibu ni fupi: aliyekosa pa kusogea ameshindwa. Kwenye shax niliyoizoea jibu ni tofauti kabisa. Hajashindwa. Zamu inarudi kwako, na ni wajibu wako kumfungulia njia kwa kusogeza kete mojawapo ili apate nafasi. Na kuna sharti juu ya sharti: ikiwa katika kumfungulia unatengeneza jare, jare hiyo haili.

Tazama sharti hilo linafanya nini katika mfano wetu. Tuseme upande wa kulia una kete mbili nyingine, moja katikati ya kulia ya mraba wa pili na moja katikati ya kulia ya mraba wa ndani. Ukiteremsha kete yako ya kona ya juu kulia hatua moja hadi katikati ya upande wa kulia wa nje, umefungua mlango, na papo hapo umepata mstari wa kete tatu. Jare hiyo ikiwa inakula, mwenzako anabaki na kete mbili na mchezo umekwisha. Ikiwa haili, anaingia kwenye kona uliyoiacha na mapambano yanaendelea. Ushindi mzima unaning'inia kwenye sharti moja ambalo watu wengi hawalitaji wanapoanza. Ukilitaja mwanzoni, ni maelezo. Ukilitaja wakati kete tatu zimefungwa, ni utetezi, na hakuna atakayekuamini.

Mimi nashikilia kwamba sharti hili ni la haki na lidumishwe. Mtu anayemfungia mwenzake njia zote hastahili zawadi ya kula kwa kitendo cha kufungua alichokuwa analazimika kukifanya. Kama familia yenu inacheza vingine, chezeni vingine, mradi mmekubaliana.

Kwa vijana wa chuo na wa shule za bweni shax si mchezo wa kila siku, wanacheza kadi. Huko nako sheria zinagongana kwa namna yake, kwa sababu wanafunzi wa Garissa wanatoka pande zote za Kenya na kila mmoja amekuja na kadi ya mtaa wake. Msingi wanakubaliana: mbili na tatu zinamwokotesha anayefuata, joka inaokotesha tano, J inaruka mtu, K inarudisha mchezo nyuma, nane na Q ni maswali yanayotaka jibu, na ree inabadilisha rangi. Anayekaribia kumaliza lazima atangaze "niko kadi" zamu moja kabla. Yanayobaki ni ya kuuliza. Ree inazuia kuokota au haizuii? Nikiwekewa mbili nikaweka mbili yangu juu yake, anayefuata anaokota mbili au nne? Ninaweza kumaliza kwa swali lenye jibu lake? Nikisahau kusema "niko kadi" nikaweka karata ya mwisho, adhabu ni karata ngapi? Ulizeni haya yote manne wakati anayechanganya bado anachanganya. Hayazidi dakika moja.

Lipo jambo jingine kuhusu karata ambalo sitalipita kimya. Hapa kwetu zipo nyumba ambazo karata haziingii kabisa, na wapo mashekhe wanaozikataza hata bila pesa kwa sababu zinapoteza wakati na zinafanana na kamari. Mwenye nyumba akisema hataki, jambo limekwisha. Hakuna sheria ya mchezo inayozidi hiyo. Na kwa wanaocheza, muondoe dau lolote. Ile desturi ya kusema anayeshindwa alipie wote chai ni dau, hata kama ni vikombe vitano tu. Kila mtu anunue chai yake. Mtaona pia kwamba sheria zinakuwa rahisi kuzungumzika pale ambapo hakuna mfuko utakaopungua.

Sasa nihamie michezo ya aina nyingine, ambayo wasomaji kadhaa wenye jamaa ughaibuni watakuwa wameanza kuiona. Ni michezo ya karata za hadithi ambapo wachezaji hawashindani. Wote wako upande mmoja, na adui ni fungu la karata lililo katikati ya meza. Mashuhuri mojawapo ni The Lord of the Rings: The Card Game, uliotoka mwaka 2011 kwa kampuni ya Fantasy Flight Games yenye makao yake Roseville, Minnesota, mji ulio karibu na Minneapolis ambako ndugu zetu wengi Wasomali wanaishi. Kisanduku kimoja kikifungwa kwenye sanduku la mtu anayekuja likizo, kinaweza kufika Garissa kabla ya mtu yeyote hapa kujua kinachezwaje. Na mwenye kukileta huenda hajakielewa.

Michezo hii ina sheria nyingi kuliko shax na kadi zikijumlishwa, na baadhi ya nyongeza zake ndizo ngumu zaidi. Mfano mzuri ni nyongeza ya mwaka 2016 iitwayo The Grey Havens, ambayo iliwatoa wachezaji nchi kavu ikawapandisha majahazi. Ghafla kuna karata za majahazi ya wachezaji, kuna majahazi ya adui, kuna fungu la pekee la maharamia, na kuna karata ya mwelekeo yenye hatua nne kutoka anga shwari hadi dhoruba, ambayo inabidi kuirudisha sawa kila mara chombo kinapotoka njiani. Jahazi kuu la wachezaji linaitwa Dream-chaser. Linashikwa na mchezaji wa kwanza, na likitoka mchezoni, wachezaji wote wameshindwa.

Kwa mtu wa Garissa ambaye maji yake ni Mto Tana, na hata kwa mtu wa Lamu aliyezaliwa akisikia matanga, kosa la kwanza ni kuzijibu sheria hizi kwa kutumia akili ya jahazi la kweli. "Jahazi limetobolewa, basi abiria nao wameumia." "Adui yuko baharini, basi mpanda farasi wangu hawezi kumfikia." Huenda ni hivyo, huenda si hivyo, karata ndiyo itakayosema. Jahazi la kwenye karata lina sifa zilizochapishwa juu yake na hakuna nyingine. Soma kwanza maneno yaliyo kwenye karata, kisha kijitabu. Vikipingana, karata inashinda kijitabu. Hiyo ni sheria mama ya michezo ya kampuni hiyo, na ni sheria nzuri ya kuanzia popote, kwa sababu neno mahususi limeandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria hali hiyohiyo, na neno la jumla limeandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria hali zote.

Ukikwama kwenye sheria ya jahazi, au ya kitu chochote kinachomilikiwa kwa pamoja, jiulize mambo mawili. La kwanza: hiki ni kitu cha aina gani? Ukiwa na karata ya kuponya inayosema "mhusika mmoja", usianze kubishana kama jahazi linaweza kuponywa. Uliza kama kijitabu kinalihesabu jahazi miongoni mwa wahusika. Neno "mhusika" lina mipaka yake kwenye kijitabu, na neno "jahazi" lina yake. Ubishi mwingi unaisha hapa, kwa sababu wanaobishana wanatumia neno moja kwa maana mbili.

La pili: kipo mikononi mwa nani sasa hivi? Katika mchezo huu cheo cha mchezaji wa kwanza kinahamia kwa anayefuata kila mzunguko unapoisha. Jahazi kuu linakwenda naye. Basi tuseme mzunguko huu jahazi limepigwa, lina alama tatu za majeraha, na sasa cheo kinahama kutoka kwa Halima kwenda kwa Abdi. Abdi hapokei jahazi jipya. Anapokea jahazi lilelile na majeraha yake yaleyale. Kinachobadilika ni nani anaamua kulitumia. Na hilo la kuamua ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana kwenye michezo ya ushirikiano hujitokeza mchezaji mmoja mzoefu anayewaamulia wote: weka hii, usiweke hiyo, peleka jahazi kule. Kubalianeni mapema kwamba ushauri ni wa wote, lakini neno la mwisho juu ya chombo ni la aliyekishika zamu hiyo. Bila hivyo watu wanne wamekaa mezani na mmoja tu ndiye anayecheza.

Ikiwa mmesoma karata, mmesoma kijitabu, na bado haieleweki, kampuni hiyohiyo imeandika jibu kwenye mchezo wake mwingine, Arkham Horror: The Card Game wa mwaka 2016: wachezaji wasipopata jibu, wachague tafsiri iliyo mbaya zaidi kwao wakati huo, na waendelee. Nimeupenda utaratibu huu tangu nilipousoma. Kwenye mchezo wa ushirikiano hakuna mpinzani wa kukuzuia, kwa hiyo kila sheria yenye utata inavutwa kidogokidogo upande wa wachezaji hadi ushindi wenyewe unakosa ladha. Ukijua kwamba utata utakugharimu, utausoma ukurasa vizuri.

Je, utaratibu huo unafaa shax? Haufai kama ulivyo, kwa sababu kilicho kibaya kwangu ni kizuri kwako. Ila roho yake inaweza kuhamishwa. Mkikwama katikati ya mchezo wa watu wawili juu ya jambo ambalo hamkulitaja mwanzoni, yule ambaye tafsiri yake inamfaa yeye mwenyewe ndiye aanze kurudi nyuma. Aseme, "Basi, mara hii twende kwa namna yako, mchezo ujao twende kwa namna tutakayokubaliana." Kama wote wawili wanang'ang'ania, simamisheni mchezo, uhesabiwe sare, mchore upya. Kumwita mtu wa tatu kuamua ni sawa tu ikiwa alikubaliwa na wote kabla hajajua mchezo umefika wapi. Mwamuzi aliyeitwa baada ya kuona kete zilipo si mwamuzi tena.

Kuna suala la watazamaji. Shax hukusanya watu, na kila aliyesimama nyuma ya mchezaji anaona hatua nzuri kuliko mwenye kucheza. Wengine wananyoosha kidole hadi kwenye kete. Mimi sioni ubaya wa kushauri ikiwa mmekubaliana, kwa kuwa vijana wengi wamejifunza kwa kusikiliza ushauri huo. Ubaya ni pale mmoja ana washauri saba na mwenzake yuko peke yake. Amueni mapema: wote wanashauriwa au hakuna anayeshauriwa. Na mkono wa mtazamaji usiguse kete kamwe.

Vilevile amueni kuhusu kusimama. Adhana ikitolewa, mchezo unasimama ulipo, na zamu ni ya nani isemwe kwa sauti kabla watu hawajainuka. Kisha mtu apige picha ya ubao kwa simu. Ushauri huu unaonekana mdogo, lakini ubao wa mchangani una maadui wengi: upepo, watoto, mbuzi anayepita kutafuta ganda la ndizi. Mkirudi kutoka msikitini mkakuta kete tano zimetawanyika, picha itamaliza mazungumzo.

Na vipi ukiona mzee amekosea sheria? Wengi huchagua moja ya njia mbili mbaya, ama kunyamaza na kuumia, ama kumsahihisha mbele ya watu kana kwamba ni rika lako. Muulize kama mwanafunzi. "Adeer, samahani, nieleweshe: nikifungwa hivi, zamu inarudi kwako au nimeshindwa?" Ukiuliza hivyo mwanzoni, mzee atakueleza kwa furaha, na maelezo yake yatamfunga yeye mwenyewe mbele ya mashahidi. Ukiuliza katikati, bado umempa nafasi ya kujirekebisha bila kupoteza heshima. Nimewaona wazee wakisema, "Kweli, walal, hapo nilipitiwa," na mchezo ukaendelea. Sijaona mzee akisema hivyo kwa kijana aliyemwambia, "Umedanganya."

Ninalolitaka zaidi ya yote ni haya yaandikwe. Sheria za shax zimepita kwa mdomo, kutoka kwa mchungaji hadi kwa mchungaji, na zimefika mbali kwa njia hiyo. Lakini mtoto wa leo wa Garissa anakaa mjini, yuko shuleni kutwa, na babu yake yuko mbali, pengine Dadaab, pengine Nairobi. Anachoweza kupata kwa urahisi ni mchezo wa simu uliotengenezwa na mtu asiyejua kwamba mwenye kufungwa anafunguliwa njia. Sheria ya kufungua njia ikisahaulika, shax itakuwa mchezo wa Ulaya wenye jina la Kisomali. Afrika Kusini morabaraba ina mashindano na sheria zilizoandikwa, na hazikuua mchezo wa vijijini. Ziliwapa watu pa kurejelea.

Kuandika kwenyewe si kazi kubwa. Karatasi moja inatosha, pande zote mbili. Chora ubao, uyape makutano namba 1 hadi 24 ili mtu aweze kusema "kete ya 3 imekwenda 15" bila kunyoosha kidole. Andika sheria kwa mfuatano wa mchezo wenyewe: kuweka, kuondoa, kusogeza, kufungwa, kumaliza. Kila sheria iwe sentensi moja inayosema nani, lini na nini. Epuka maneno kama "kwa kawaida" na "ikifaa", maana hayo ndiyo milango ya ugomvi. Penye tofauti kati ya familia na familia, usiifiche. Andika zote mbili, na useme wachezaji wachague kabla ya kuanza. Iandike kwa Kisomali, na uiandike kwa Kiswahili pia, ili Mmunyoyaya, Mpokomo, Muorma na mtoto wa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Machakos waweze kukaa kwenye ubao huohuo bila mkalimani. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kucheza, umwache na mwenzake wacheze kwa karatasi peke yake, nawe ukae kimya uandike kila wanapokwama. Hapo walipokwama ndipo sheria yako haijaeleweka, hata kama wewe unaiona wazi kama mchana.

Karatasi hiyo ina mahali pa kwenda. Garissa kuna maktaba ambayo mwaka 1996 ilianza kutumia ngamia kupeleka vitabu kwa jamii za wafugaji na shule zilizo mbali na mji. Sanduku linalobeba hadithi na vitabu vya hesabu lina nafasi ya karatasi moja ya shax. Walimu wanaosimamia vilabu vya michezo shuleni nao wanaweza kuibandika ukutani karibu na sheria za drafti na sataranji.

Kwa hiyo msomaji, kama kwenu kuna mzee anayeijua shax, usingoje hadi likizo. Mpelekee chai wiki hii na umuulize maswali matatu: jare ya wakati wa kuweka inampa nani haki ya kuondoa, kete iliyo ndani ya jare inaweza kuliwa, na aliyefungwa anafanywa nini. Andika majibu yake jinsi anavyoyasema, uweke tarehe na jina la mahali alikojifunzia. Ukishapata majibu ya wazee watatu au wanne, yalete pamoja mezani, na mwanze kuandika.